Ray-Ban ya 85,000 Instagram: OG au nakaribia kupigwa?

Mgogo_Mpole
Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu anatimiza miaka 70 mwezi ujao, nataka kumzawadia miwani ya jua, Ray-Ban aina ya Aviator. Kuna duka Instagram wanauza 85,000, "OG kabisa, polarized, full box", yaani halisi, lenzi za kukata mng'ao, na boksi lake kamili. Wao wako Kariakoo, mimi Dodoma: unalipa kwanza kwa simu, mzigo unapandishwa basi. Picha zinavutia kweli, kuna boksi, kitambaa, kijitabu, hadi kile kikadi cha kupima polarized.

Kinachonichanganya ni hiki. Mzee anayo nyingine ya zamani, aliachiwa na mhandisi wa kigeni waliyejenga naye barabara mwaka 1988. Nimeiiba kabatini nilinganishe. Ya Insta ina herufi RB ndogo pembeni ya lenzi, ya mzee imeandikwa BL! Yaani miaka yote hii tunakatazwa kuigusa kumbe feki? Nipeni maujanja kabla sijatuma hela.

mtoto_wa_ilala
Aviator mpya huko huko Marekani inazidi dola 150. Piga hesabu mwenyewe. Au muuzaji ni mjomba wako?

FundiFremu
Mkuu, irudishe miwani ya mzee kabatini taratibu na umwombe radhi kimoyomoyo. BL ni Bausch & Lomb, Wamarekani walioanzisha Ray-Ban mwaka 1937. Mwaka 1999 waliiuza kwa Luxottica ya Italia, ndipo BL ikaja kupisha RB. Miwani ya 1988 ingekuwa na RB ndiyo ningeshtuka. Hebu angalia kile chuma cha katikati, juu ya pua, kama kuna maandishi B&L RAY-BAN U.S.A.

Sasa ya Insta. Boksi na kitambaa visikubabaishe, hivyo ndivyo rahisi kuliko vyote kughushi. Mwambie muuzaji apige picha mpya, mchana, simu karibu kabisa, sehemu hizi: ndani ya mikono inayokaa masikioni, vile visilikoni vya puani, na ukingo wa lenzi karibu na bawaba.

Ndani ya mkono, Aviator ya kawaida husoma RB3025, kisha namba ya rangi, kisha saizi, mfano 58□14, yaani lenzi milimita 58 na daraja la pua 14. Maandishi yawe makali, yamenyooka. Kuna mteja aliniletea Wayfarer, modeli nyingine kabisa ya plastiki, imeandikwa RB3025! Aliyeichapa hakujisumbua hata kubadilisha namba. Ndani ya silikoni za pua kuna kichuma chenye RB ndogo sana. Na ile RB ya kwenye lenzi imechongwa, ukipitisha ukucha unaisikia. Feki nyingi ni wino tu.

Mgogo_Mpole
Asante sana mkuu. Lakini mkononi imeandikwa Made in Italy, si inatosha?

FundiFremu
Wino unakubali kuandika chochote. Halafu Luxottica wana viwanda China pia, kwa hiyo Made in China peke yake si ushahidi wa feki, wala Italy si ushahidi wa OG.

Wanjiku_Nax
Huku Kenya tumeumia sana na zile tangazo za Facebook, Ray-Ban dola 24.99, unaona rafiki yako ndiye ame-post kumbe akaunti yake imedukuliwa. Swali: huyo muuzaji anasema ni polarized. Kwa lenzi, baada ya jina Ray-Ban, kuna herufi P? Zile polarized za kampuni huwa nayo.

Mgogo_Mpole
Nimekuza picha. Ray-Ban tu. Hakuna P.

mtoto_wa_ilala
Kwisha habari yake.

Chizi_Fresh
Mnajitesa bure. Mimi navaa za buku tano za Ubungo mwaka wa nne, naona vizuri tu.

Sr_Macho
Nafanya kazi kitengo cha macho, nimjibu Chizi hapo. Kuona vizuri si hoja. Ukivaa kioo cheusi, mboni inatanuka. Kama kioo hakizuii mionzi ya UV, mionzi inapita mlango ambao umeufungua wewe mwenyewe, afadhali hata ungevaa kofia tu. Kinachotakiwa ni UV400, yaani lenzi inayozuia mionzi hiyo karibu yote.

Jaribio la mtaani: azima ile taa ya zambarau ya kukagua noti kwa wakala. Mulika noti uone alama zinazong'aa, kisha weka lenzi katikati ya taa na noti. Alama zikiendelea kung'aa, hiyo miwani usivae. Zikizimika, ni dalili nzuri, ila duka la miwani lenye kipimo ndilo litakupa jibu la uhakika. Na msichanganye mambo: kuna feki inayozuia UV vizuri tu. Jaribio hili halikwambii kama ni Ray-Ban.

Chizi_Fresh
Sista umenitisha. Kesho naenda kwa wakala.

Mgogo_Mpole
MREJESHO. Nilimwomba muuzaji zile picha tatu. Akajibu, "Boss unanunua miwani au unafanya usaili?" Nikamuuliza P iko wapi. Akaniblock.

Ya mzee sasa: B&L RAY-BAN U.S.A. ipo, ilikuwa imefunikwa na uchafu, nimeisugua na mswaki laini ndipo ikasomeka. Silikoni za pua zilikuwa zimegeuka kijani, na bawaba moja alikuwa ameifunga waya badala ya skrubu. Nimeipeleka duka la miwani hapa mjini, wamebadilisha silikoni na kuweka skrubu mpya, 15,000 yote. Yule kijana wa dukani aliishika muda mrefu, akaniuliza kama naiuza.

Nimeirudisha kabatini jana usiku. Leo asubuhi mzee kaivaa, kaivua, kaitazama, kaivaa tena. Kisha kauliza nani kaondoa waya wake.