Mhariri anataka nifute "ghafla" zote kwenye riwaya yangu. Nimsikilize?

MwanaRau: Wakuu, salaam. Niko Moshi. Nimemaliza riwaya ya vijana: Elia na dada yake Neema wanakimbizwa na wezi wa magogo ndani ya Msitu wa Rau. Mhariri kanirudishia mswada, kila penye "ghafla" kapiga duara jekundu na kuandika "futa". Mimi nagoma. Riwaya ya visa bila ghafla ni mbege bila ulezi. Hata Stevenson kwenye Treasure Island, ile iliyofasiriwa Kisiwa Chenye Hazina, analitumia, na kitabu kinasomwa tangu 1883. Kipande chenyewe hiki: "Ghafla Elia akasikia vishindo nyuma yake. Ghafla tochi ikazimika. Ghafla Neema akapiga ukelele." Ubaya uko wapi?

KondaWaSakina: Usifute, mkuu. Wengine tunasoma hadithi kwenye simu ndani ya daladala. Ghafla ndiyo inatupitilizisha kituo.

MwalimuMstaafu: Kijana wangu, Stevenson umemtaja vizuri, ila tazama analiweka wapi. Sura ya 4, Jim, yule mtoto anayesimulia, na mama yake wanahesabu sarafu za nahodha aliyekufa, usiku, nyumba tupu. Ghafla Jim anamshika mama yake mkono. Basi. Ghafla kapewa mtoto. Alichokisikia kinakuja polepole: fimbo ya yule kipofu, Pew, inagonga barabara iliyoganda kwa baridi, ko, ko, inasogea, wao wamebana pumzi. Inapiga mlango. Kitasa kinazungushwa, komeo linatikisika. Kimya kirefu. Halafu fimbo inaanza tena, inafifia. Hofu yote imo kwenye huo upole. Wewe ghafla zako umezigawia vishindo, tochi na ukelele. Elia mwenyewe hana hata moja.

Na pale haramia Israel Hands anapomrushia Jim kisu, bega likapigiliwa mlingotini, kisu chenyewe hakina ghafla. Kitu kinavuma hewani, pigo, maumivu.

Binti_Njiro: Shikamoo mwalimu. Naomba kupinga kidogo. Sura ya 32, maharamia wanafuata hazina, ghafla sauti nyembamba inatoka mitini ikiimba wimbo wao. Hapo ghafla ni ya sauti, siyo ya Jim. Tena hadithi ilitoka kwanza kwa vipande kwenye gazeti la vijana, 1881 hadi 1882. Msomaji wa kila wiki anataka kushtuliwa.

MwalimuMstaafu: Marahaba binti. Hapo umenibana. Lakini kabla ya sauti ile wamekutana na mifupa ya mtu, wamekaa chini, wanamsema marehemu Flint, nahodha wao wa zamani, karibu kwa kunong'ona. Kulikuwa na kimya cha kuvunjwa. Ghafla tatu mfululizo zinavunja nini?

KondaWaSakina: Eeh, hapo sawa. Halafu "ikazimika" ina -ka- tayari, kisa kinakimbia chenyewe.

MwanaRau: Mhariri angenieleza hivi tusingegombana, duara jekundu tu halimfundishi mtu. Nimejaribu: "Elia akamshika Neema mkono, ghafla. Nyuma yao, kwenye majani makavu, kitu kilipiga hatua mbili kikasimama. Tochi ikazimika." Ukelele je?

Binti_Njiro: Utoe. Mtu anayejificha gizani hapigi kelele.

MwanaRau: Ila sura ya mwisho kuna ghafla moja siitoi ng'o. Mhariri akiitaka anipigie simu.