Tupeane uzoefu: Uliyepima udongo, majibu yalibadilisha nini kwenye mbolea yako?

Mwanzisha mada
Heshima kwenu wakulima. Ushauri wa "kapime udongo" tumeshausikia vya kutosha, kwa hiyo hapa siutafuti tena. Nataka yaliyokukuta baada ya karatasi ya maabara kufika mkononi. Wengi ninaowajua walipima, wakaikunja karatasi, kisha wakanunua mbolea ileile kwa sababu jirani naye kaibeba. Kama uliifuata, sema ulibadilisha nini na shamba likajibu vipi. Waliokwama nao karibuni.

Naanza mimi. Shamba nimelirithi, na utaratibu wake nao nikaurithi: DAP ya kupandia, urea ya kukuzia, kila msimu. Mahindi yalikuwa yanatoka na majani ya zambarau tangu machanga. Hiyo ni dalili ya njaa ya fosforasi, wakati DAP ni 18-46-0, na namba hiyo ya kati ndiyo ya fosforasi, imejaa humo. Majibu yakaja: pH, yaani kipimo cha uchachu, 4.8. Kwenye uchachu wa namna hiyo alumini inayeyuka na kudumaza mizizi, halafu alumini na chuma vinaikamata fosforasi mmea usiipate. Mbolea ipo ardhini, ila imefungiwa. Na DAP na urea zenyewe huongeza uchachu mwaka hadi mwaka.

Karatasi ilisema chokaa ya kilimo kwanza. Nikaimwaga miezi kadhaa kabla ya mvua na kuitifua hadi kina cha jembe, maana ikiachwa juu hushuka polepole mno. Msimu wa kwanza tofauti ilikuwa ndogo. Wa pili ndipo zambarau ikapotea, na DAP sikuongeza hata kilo.

Mgeni wa Jembe
Mkuu, chokaa na DAP haziwezi kuwekwa siku moja ili kuokoa vibarua?

Mwanzisha mada
Hapana ndugu yangu. Chokaa ikikutana na mbolea yenye amonia, sehemu ya naitrojeni inapaa hewani. Zipishane.

Binti Chepe
Mimi ndiye ninayechukua sampuli kwenye kikundi chetu, na nawaambia vurugu nyingi huanzia hapo kabla maabara haijagusa kitu. Mzee mmoja alituletea udongo mweusi mzuri kwenye mfuko. Majibu yakaonyesha fosforasi na potasiamu za kutosha misimu na misimu, naye mahindi yake yana manjano hadi unayaonea huruma. Nikamwuliza, "Mzee wangu, udongo huu umeuchota wapi?" Kumbe ni palipokuwa na zizi la ng'ombe, karibu na nyumba, asihangaike kutembea.

Sasa nafanya hivi: natembea shamba kwa mtindo wa zigizaga, nachota sehemu 15 hadi 20, kila mahali kina cha sentimita 20. Nafyeka majani ya juu, nachimba shimo lenye umbo la V, nakata kipande chembamba cha ukuta wake kuanzia juu hadi chini, siyo kukwangua juu tu. Nakwepa kichuguu, mpakani, chini ya miti, mahali palipochomwa takataka na mstari wa mbolea ya msimu uliopita. Bondeni na mlimani havichanganywi, kila kimoja na mfuko wake. Vyote vya sehemu moja naviponda kwenye ndoo ya plastiki, nagawa mafungu manne, natupa mawili yanayotazamana, narudia hadi ibaki kama nusu kilo. Nakausha kivulini.

Ndoo iwe ya plastiki kweli. Ya bati imepakwa zinki, na zinki hiyo itaingia kwenye majibu yako. Utaambiwa unayo ya kutosha huku majani yana michirizi myeupe.

Mpima Mizani
Hoja yangu ni hesabu, na hapa ndipo naona watu wanapotea bila kujua. Karatasi yangu iliandika fosforasi (P) kilo 20 kwa hekta. Namba ya kati kwenye mfuko wa mbolea si P tupu, ni P2O5, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni. Ili kugeuza P kuwa P2O5 unazidisha kwa 2.29. Kilo 20 zinakuwa karibu 46, na hizo ndizo zilizomo kwenye kilo 100 za DAP, yaani mifuko miwili ya kilo 50. Anayesoma 20 kama P2O5 atanunua chini ya mfuko mmoja badala ya miwili, halafu alaumu maabara. Mwenye ekari agawe kwa 2.47.

Kutoka mifuko hadi shimo nako kuna mtego. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, hekta ina mashimo kama 22,200. Kilo 100 zinatoa gramu 4.5 kwa shimo. Kizibo changu cha soda, kimejaa bila kilima, nilikipima kikatoa karibu gramu 5, kwa hiyo kinatosha. Anayepanda 75 kwa 30 mbegu moja moja na kutumia kizibo hichohicho anamwaga mara mbili zaidi ya alichoandikiwa. Kizibo ni kilekile, nafasi ndiyo imebadilika, na hakuna anayemwambia.

Sina Imani
Mimi nilipeleka udongo uleule maabara mbili. Moja pH 5.9, nyingine 5.2. Nani mwongo?

Mpima Mizani
Huenda hakuna mwongo. Angalia chini ya jedwali kama imeandikwa wamepima kwa maji au kwa kloridi ya kalsiamu. Ya pili kwa kawaida husoma chini kwa nusu hadi moja. Fosforasi nayo ni vivyo hivyo, Olsen na Bray ni njia tofauti na namba zake hazilinganishwi. Chagua maabara moja ubaki nayo.

Sina Imani
Imeandikwa kweli, kwa herufi za kusomea miwani. Sawa, nimekubali nusu.

Mchanga Mtupu
Kwangu tatizo lilikuwa kaboni, yaani mboji ya udongo, iko chini kabisa. Udongo wa kichanga, mbolea ukiweka haiitikii, mvua moja imeshuka nayo. Nilianza na samadi iliyooza vizuri, mabua nikaacha kuyachoma. Urea naigawa mara mbili badala ya kumwaga yote, na naifukia wakati udongo una unyevu. Nikiiacha juu juani, naitrojeni inaondoka kama amonia. Kiasi cha urea ni kilekile cha zamani, ila sasa kijani kinafika hadi kubeba.

Mgeni wa Jembe
Asanteni. Nimeshapanda na DAP nimeweka. Nichukue sampuli sasa au?

Binti Chepe
Subiri uvune. Chukua kabla hujatifua, na ukirudia baada ya miaka 2 au 3, iwe mwezi huohuo.