Naomba ushauri kuhusu kiwambo cha ngozi ya mnyama kwa jeraha la moto

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mama yangu, mkaazi wa Lamu, aliungua mkono kwa mafuta, na daktari wa upasuaji anapendekeza kiwambo cha ngozi ya ndani iliyoondolewa seli zote, zikabaki nyuzi za kolajeni na elastini (protini zinazoipa ngozi uimara na mnyumbuko), ili mishipa ya damu na seli za mama mwenyewe zipenye humo, kisha ipandikizwe juu ya kiwambo hicho ngozi nyembamba kutoka pajani mwake. Viwambo hivyo hutokana na ngozi ya binadamu, ng'ombe au nguruwe, na hapo ndipo moyo wa mama ulipokwama. Naomba waliopitia upasuaji huu, pamoja na wajuzi wa fiqhi, wanieleze: je, twaweza kuomba cha ng'ombe, na je, kiwiko chake kitakunjuka vyema kuliko akipandikizwa ngozi nyembamba peke yake?