Mchango wa akina mama na watoto: UNICEF, kudhamini mtoto, fistula, mikopo au pesa mkononi?

Zuhura_M
Wadau, habari za leo. Kila mwezi natenga kiasi cha kuchangia, na nimeamua kiende kwa akina mama na watoto, popote walipo duniani. Si kikubwa, ndiyo maana sitaki kukikatakata kila shirika likaambulia chenji. Nataka moja, yakizidi mawili.

Nimechuja hadi hapa: mashirika makubwa (UNICEF, Save the Children), kudhamini mtoto kupitia World Vision, Plan au Compassion, ambako unaletewa picha na barua, hospitali za fistula (tundu analobaki nalo mama baada ya uzazi mgumu), kuwakopesha akina mama wenye biashara ndogo kupitia Kiva, na yale yanayopendekezwa na GiveWell, wale wanaopima ni shirika gani linaokoa maisha mengi kwa kila dola, yaani vyandarua na vitamini A. Dada yangu anasema nidhamini mtoto, maswali yaishe. Mimi moyo unaenda kwenye fistula. Mliowahi kuchangia au kufanya kazi huko, nipeni ulinganisho, vipeperushi nimeshasoma vya kutosha.

HesabuSafi
Anza na kinachoua. Kwa makadirio ya WHO na mashirika wenzake, mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa sababu za ujauzito na uzazi, na watoto milioni 4.8 hawakufikisha miaka mitano. Malaria peke yake iliua watu karibu 597,000 mwaka huohuo, wengi wao watoto wadogo wa Afrika.

GiveWell wanapiga hesabu hizi tangu 2007 na miaka ya karibuni wanarudi palepale: vyandarua vya Against Malaria Foundation, dawa za kinga za msimu wa mvua za Malaria Consortium, vitamini A ya Helen Keller Intl, na New Incentives, ambao kaskazini mwa Nigeria wanampa mlezi pesa kidogo kila anapompeleka mtoto kuchanjwa. Barua hutapata. Utapata jedwali.

Mkunga Mstaafu
Mwanangu Zuhura, nimefurahi umetaja fistula, maana watu wengi wanaona aibu hata kuitamka. Ila kabla hujatoa hela, jua inatoka wapi. Mama anashikwa na uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama hapiti. Kichwa cha mtoto kinabana nyama za njia ya uzazi kwenye mfupa wa nyonga, siku ya kwanza, ya pili, pengine ya tatu, na hakuna wa kumpasua. Damu haifiki, nyama zinakufa, linabaki tundu. Mara nyingi na mtoto amekufa. Baada ya hapo mkojo unatoka usiku na mchana, wengine na choo kikubwa, na mume anaondoka.

Kumshona ni kazi njema sana. Madaktari Catherine na Reginald Hamlin walifika Addis Ababa, Ethiopia, mwaka 1959, wakafungua hospitali yao ya fistula 1974, na hadi leo imetibu wanawake zaidi ya 60,000. Lakini angalia walichofanya baadaye: mwaka 2007 wakaanzisha chuo cha wakunga. Ukishona tu bila kuzuia, foleni haiishi.

Kwa hiyo ukiiandikia hospitali ya fistula, idadi ya upasuaji isikutoshe. Waulize wanasomesha wakunga wangapi, wakunga hao wanapangiwa wapi, na mshahara wao unalipwa na nani mradi ukifungwa. Hapo kwenye mshahara ndipo utajua kama wamejipanga.

Halafu kuna damu. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kunaongoza kwa kuua wazazi duniani. Miaka yote tulikuwa tunakisia kwa macho imemwagika kiasi gani. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya jaribio la E-MOTIVE, lililofanyika katika hospitali zipatazo 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini: mtandikie mama plastiki yenye mistari ya kupimia damu, na ikifika kiwango cha hatari mpe matibabu yote kwa mkupuo, usisubiri moja lishindwe ndipo ujaribu jingine. Kutokwa damu kwa kiwango kikubwa pamoja na madhara yake kulipungua kwa asilimia 60. Plastiki! Hakuna atakayeiweka kwenye bango la kuombea michango.

Nashangaa pia UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu na afya ya uzazi, halimo kwenye orodha yako. Mafunzo ya wakunga ni kazi yao, na kampeni ya kutokomeza fistula wanaiongoza tangu 2003.

BabaPacha
Heshima kwako mama. Mimi naomba nitetee udhamini, maana nimeshaona HesabuSafi anaubeza kabla hata haujajadiliwa.

Kwanza hayo matatu hayafanani. World Vision na Plan, pesa ya mdhamini haimfikii yule mtoto wa kwenye picha mkononi. Inaingia kwenye miradi ya jamii yake, maji, shule, zahanati. Compassion wanamfuata mtoto mwenyewe, kupitia makanisa ya mahali pale, kwa hiyo asiyependa dini iambatane na msaada ajue mapema. Na ni Compassion hao waliopimwa: Wydick, Glewwe na Rutledge walichapisha mwaka 2013 utafiti wa nchi sita, wakakuta waliodhaminiwa walisoma zaidi ya mwaka mmoja kuliko wenzao, na ukubwani walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata kazi za mshahara. Ni mashirika machache ya misaada yaliyowahi kuwafuatilia watoto wao hadi utu uzima.

HesabuSafi
Siubezi mkuu. Ninachouliza ni hiki: barua inamsaidia nani? Kutafsiri, kupiga picha, kupanga majibu ya maelfu ya wadhamini, yote hayo yana watu na mishahara.

BabaPacha
Na bila barua wangapi wangeacha kuchangia mwezi wa tatu?

TausiK
Mjadala wa picha ni wa zamani kama mashirika yenyewe. Eglantyne Jebb alikamatwa London mwaka 1919 kwa kugawa karatasi zenye picha za watoto waliokuwa wanakufa njaa Austria baada ya vita. Akapigwa faini ya pauni tano, na inasimuliwa kwamba mwendesha mashtaka mwenyewe ndiye aliyeitoa hela hiyo. Mwaka huohuo Save the Children ikaanzishwa. Mwaka 1924 tamko lake la haki za mtoto likapitishwa Geneva na Shirikisho la Mataifa. Kwa hiyo picha ilifanya kazi, tusijidanganye.

Kuhusu makubwa: wengi wanadhani UNICEF inalipwa kutoka bajeti ya kawaida ya Umoja wa Mataifa. Hapana, inaishi kwa michango ya hiari, ya serikali na ya watu kama wewe. Ndiyo inayonunua chanjo za karibu nusu ya watoto wadogo wa dunia. Udhaifu wake ni kwamba mchango wako utazama, hutajua ulifanya nini. Nguvu yake ni ileile: ukitoa bila kuufungia mradi, wanaupeleka palipoungua leo, hata kama kamera hazijafika.

Kijana_wa_Vikoba
Kiva sasa. Wazo ni tamu, unakopesha, unarudishiwa, unakopesha tena. Ila jueni mambo mawili. Ule mkopo wa mama unayemwona kwenye tovuti mara nyingi ameshapewa na taasisi ya kwao kabla hujabonyeza. Hela yako inaziba pengo la taasisi. Na wewe hupati riba, lakini yeye analipa riba kwa taasisi hiyo.

Mwaka 2015 zilitoka kwa pamoja tafiti sita za mikopo midogo kutoka nchi sita, na kwa jumla faida ilikuwa ndogo. Kuna waliokuza biashara, wengi walipata nafasi ya kupumua tu, na umaskini ukabaki ulipokuwa. Mimi ni mtu wa vikundi na bado nakopesha huko, ila siuiti msaada.

Zuhura_M
Mkunga, asante sana mama yangu, maswali yako nimeyanakili. Kiva naitoa. Na vipi vituo vya yatima? Kuna mtu kanitumia kimoja leo.

Mkunga Mstaafu
Viache. Watoto wengi wa vituo hivyo wana mzazi aliye hai. Umaskini ndio uliowapeleka. Pesa ikimfikia mama yake, mtoto analala kwao. Na usinunue maziwa ya kopo kupeleka kwenye maafa. Bila maji safi yanaua, na WHO ilishaweka kanuni za kuzuia kuyanadi tangu 1981.

SaraN
Hiyo ya pesa kumfikia mama ndiyo niliyokuwa nasubiri mtu aiseme! GiveDirectly hamjawataja kabisa. Waligawa karibu dola 1,000 kwa kaya maskini zaidi ya 10,000 huko Siaya, Kenya, bila masharti, na utafiti uliotolewa 2025 ukaonyesha vifo vya watoto wachanga vilishuka kwa karibu nusu katika kaya hizo. Athari ilikuwa kubwa zaidi pesa ilipofika karibu na wakati wa kujifungua: mjamzito aliweza kupumzika kazi nzito na kwenda kujifungulia hospitali. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

HesabuSafi
Utafiti mzuri, na angalia sharti lililojificha: hospitali ilikuwa karibu. Pesa haijengi chumba cha upasuaji.

TausiK
Na vitamini A yako nayo si msahafu, HesabuSafi. Jaribio la DEVTA la India, watoto wapatao milioni moja, matokeo ya 2013: faida karibu haionekani. GiveWell wenyewe wanapunguza makadirio kulingana na nchi.

HesabuSafi
Kweli. Ndiyo maana pale juu nilianza na chandarua.

Zuhura_M
Swali la mwisho halafu niwaache. Nichague lenye gharama ndogo za uendeshaji?

Mhasibu_Jioni
Hapana. Mwaka 2013 hata Charity Navigator, GuideStar na BBB Wise Giving Alliance, wapimaji wa mashirika ya misaada huko Marekani, waliandika barua ya wazi kuwasihi wachangiaji waache kupima shirika kwa asilimia hiyo peke yake. Mkunga anayefundisha wakunga wenzake anaweza kuandikwa kama “uendeshaji” au “mradi”, inategemea nani kafunga vitabu. Tafuta hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa, na mahali wanapoeleza kilichoshindikana. Mimi ripoti isiyo na kilichoshindikana naifunga.

Zuhura_M
Basi nimeamua: sehemu kubwa fistula, inayobaki vyandarua. Dada atanuna.

Mkunga Mstaafu
Mwache anune. Ila usichanganye majina. Kuna Hamlin Fistula Ethiopia, yenye hospitali na chuo cha wakunga, na ina mashirika dada nje, kama Catherine Hamlin Fistula Foundation ya Australia. Halafu kuna Fistula Foundation ya Marekani, iliyoanza kwa kuichangia hospitali hiyohiyo, kisha mwaka 2009 ikapanuka na sasa inalipia upasuaji katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Soma jina lote kabla hujaandikisha mchango wa kila mwezi.