MJADALA: Stereo za zamani za mtumba zizuiwe bandarini, au tuachiwe tununue?

Mleta mada, Nyegezi

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita tulipojadili mitumba ya elektroniki, mchangiaji mmoja alisema vifaa vyote vya sauti vilivyotumika vizuiwe bandarini, kwa hoja kwamba ni takataka za wenzetu na anayetaka muziki anunue kipya. Naipinga hoja hiyo, na nitaipinga kwa kitu ninachokijua: risiva za stereo za miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Siyo risiva ya dishi. Nazungumzia lile boksi zito la chuma, uso wa alumini, lenye redio na amplifaya humo humo, unaloliunganisha na spika mbili. Pioneer, Marantz, Sansui, Kenwood, Technics, Yamaha, Sony.

Mtu wa Mwanza mwenye laki tatu au nne mfukoni ana njia mbili. Aingie dukani achukue sabufa mpya yenye taa zinazomemeta, boksi limeandikwa PMPO 10,000W, yaani eti inafikisha wati elfu kumi kwa kufumba na kufumbua. Au azunguke kwa wauza mitumba mpaka apate mojawapo ya hizo kuukuu.

Hiyo PMPO haina kipimo chochote kinachokubalika. Kila kiwanda kinaandika kinachotaka. Pindua sabufa usome kibati cha nyuma, mara nyingi utakuta inakula wati 60 au 80 za umeme. Kitu kinachokula wati 60 kitatoaje elfu kumi? Sasa chukua Marantz 2230: wati 30 kila upande, basi. Tena mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitoa kanuni ya kumlazimisha anayetangaza amplifaya ya nyumbani ataje wati zinazotoka mfululizo, kwa mzigo wa omu ngapi, na sauti inaharibika kwa asilimia ngapi. Ndiyo maana wati 30 za wakati ule zinatosha kabisa kuijaza sebule. Sikio lenyewe halihitaji wati nyingi kama tunavyodhani: ukiongeza wati mara mbili umeongeza desibeli 3 tu, na ili usikie sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati mara kumi hivi.

Lakini kwangu kubwa zaidi ni kwamba kitu hiki kinafunguka. Unatoa skrubu, unaona transista moja moja na namba zake, na michoro ya sakiti ya nyingi kati ya hizi inapatikana mtandaoni bure. Sabufa ikifa, mara nyingi fundi anakuambia bodi nzima imekwenda. Kijana anayejifunza ufundi atajifunzia wapi kama kila kinachofika mezani kwake ni cha kutupa? Ukifunga bandari kwa stereo hizi, umemnyima mnunuzi muziki mzuri na umemnyima fundi kazi.

Msimamo wangu: zisizuiwe. Nawasilisha.

Msusi wa Kirumba

Kaka, nimekua na Sansui ya baba nyumbani Magu, sauti yake naijua na siibishii. Ila mimi nina saluni. Nachomeka flashi, mteja anaunganisha simu yake kwa bluetooth, umeme ukikatika nahamia kwenye betri ya sola na muziki unaendelea. Hilo boksi lako la kilo kumi na tano linaweza lipi kati ya hayo? Halafu kuna warantii. Sabufa yangu iligoma, nikairudisha nilikonunua, nikapewa nyingine. Mtumba ukishavuka nao mlango wa duka, ni wako na magonjwa yake yote.

Fundi wa Nyakato

Stereo za aina hiyo naletewa mara kwa mara. Mleta mada kasema kweli kuhusu kufunguka, lakini kanyamazia yanayomla mnunuzi pesa, na mimi nisipoyasema hapa nitakutana nayo mezani.

Kwanza umeme. Redio ya soko la Marekani imetengenezwa kwa volti 120, ya Japani kwa volti 100. Ukutani kwako kuna 230. Mtu ananunua asubuhi, anakata plagi ya kigeni, anafunga ya kwetu, anachomeka, na transfoma inaungua kabla hajatafuta stesheni. Ya Uingereza na Ulaya haina shida hiyo. Kuna nyingine zilitengenezwa ziuzwe nchi nyingi, nyuma zina swichi ya kuchagua 110, 120, 220 au 240. Hiyo ukiiona usiiache, ila hakikisha imekaa kwenye 220 au 240 kabla hujachomeka. Ya volti 120 au 100 inataka stepdauni, ile transfoma ya nje ya kushusha volti za ukutani, na stepdauni yenye uwezo wa kutosha si ya bei ya chai. Iweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni FM. Redio iliyouzwa Japani kwenyewe, FM yake inaanza 76 inaishia 90. Yetu inakwenda mpaka 108. Mshale unafika mwisho wa kioo na stesheni nyingi hujaziona. Nimeona watu wakigombana na muuzaji kwamba redio ni mbovu, kumbe ni nzima, imezaliwa na masafa mengine.

Halafu umri. Kapasita kubwa za pawasaplai, zile kopo za kutunza na kutuliza umeme, zinakauka, unasikia mngurumo hata ukishusha sauti mpaka mwisho. Vitufe vinakwaruza, hapo dawa ya kusafishia inatosha. Relei ya spika, swichi ya ndani inayounganisha spika yenyewe, inapata kutu kwenye midomo, upande mmoja unapotea na kurudi. Sisi wa ukanda wa ziwa tuna la ziada: unyevu, na wale wadudu wanaonyanyuka ziwani kama moshi. Wanaingia kwenye matundu ya juu, wanafia ndani juu ya bodi, na ule uchafu unashika maji. Redio iliyokaa Kirumba au Igogo bila kufunikwa naitambua nikishaifungua tu.

Kinachoniuma zaidi ni STK. Stereo nyingi za mwisho wa 1970 na miaka ya 1980 zinatumia aisi za STK, yaani sehemu ya nguvu ya amplifaya iliyofungwa ndani ya kipande kimoja, badala ya transista zilizosimama zenyewe. Nyingi za asili hazitengenezwi tena, na feki zimejaa. Unafunga mpya leo, kesho inaungua na spika juu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue kifuniko uangalie.

Ukienda kununua, beba multimita na balbu ya waya ya wati 60 au 100 iliyofungwa siriz na soketi, yaani umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo ufike kwenye redio. Redio ya volti ndogo pitisha kwanza kwenye stepdauni. Balbu ikiwaka kisha ikafifia, mzigo ni wa kawaida. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, irudishe ilipotoka. Ikipita hapo, ondoa balbu, chomeka tena (ya volti ndogo ibaki kwenye stepdauni), subiri relei igonge, kisha pima volti za DC kwenye matundu ya spika, spika zikiwa hazijaunganishwa. Chini ya milivolti 50, sawa. Ukikuta volti nzima, hiyo itachoma spika zako.

Dada wa Kirumba, bluetooth isikutishe: nyuma ya hizi risiva kuna AUX, tundu la kuingizia sauti kutoka nje, na kile kipokeo kidogo cha bluetooth kinachomekwa hapo. Kuhusu betri ya sola, umeshinda. Ile inataka inveta na betri ya maana.

Mkazi wa Igoma

Bei nayo isemwe. Pioneer SX-1980 ya mwaka 1978, wati 270 kila upande, huko nje watu wanaikusanya na inauzwa kwa maelfu ya dola. Wauzaji wetu nao wana simu, wanaona. Sasa hata SX-450 ya wati 15 unatajiwa bei ya ukoo wake. Mwenye kipato kidogo aachane na majina hayo. Atafute JVC, Hitachi, Akai, Philips za umri ule ule.

Mkazi wa Mkuyuni

Niliyeandika vile wiki iliyopita ni mimi, na bado nasema vizuiwe.

Mnazungumza kana kwamba kontena zima ni Marantz. Humo kuna risiva moja nzima, na pembeni yake spika zilizooza, TV za chogo, printa na deki ambazo hata fundi wa Nyakato hazigusi. Hiyo moja inayopendeza ndiyo inayopigwa picha. Risasi iliyolehemewa humo ndani ni sumu: Umoja wa Ulaya ulianza kuizuia kwenye vifaa vipya vya umeme Julai 2006, na kila mnachokisifia hapa ni cha kabla ya hapo. Kikifa kinakwenda wapi? Kinakwenda dampo la Buhongwa pamoja na maganda ya ndizi. Au waya zinachomwa nyuma ya nyumba ili shaba ipatikane, watoto wanavuta ule moshi, na mvua ikinyesha majivu yanateremka na mto Mirongo mpaka ziwani. Maji hayo hayo tunakunywa, samaki hao hao tunakula.

Tangu 1 Januari 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti taka zinazovuka mipaka, yanataka taka zote za elektroniki, ziwe za sumu au zisiwe, zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kukubali kwanza kwa maandishi. Ni jambo zuri. Lakini msafirishaji akiandika kwenye karatasi kwamba mzigo wake bado unatumika, kwake si taka tena. Nani kati yenu ameshaona bandarini kitu kimoja kimoja kikichomekwa kuthibitisha? Kama hatuwezi kupima, tuzuie.

Mleta mada, Nyegezi

Mkuu wa Mkuyuni, hoja ya Mirongo ni nzito na siwezi kuiruka. Mimi pia nanywa maji ya ziwa hili.

Ila hesabu yako ina upande mmoja. Umehesabu kinachoingia kikiwa kizee, hujahesabu kinachoingia kikiwa kipya na kufa mapema. Sabufa nayo ina bodi, ina waya, ina plastiki nyingi kuliko chuma, na inaishia Buhongwa hiyo hiyo. Stereo ya 1976 inayoimba leo imekaa nje ya dampo miaka hamsini hivi. Ukizuia yote, mwenye laki tatu hataacha kusikiliza muziki. Atanunua kingine, na kingine tena.

Umesema hatuwezi kupima. Hapo ndipo tunapotofautiana. Fundi ameeleza kipimo cha balbu na multimita ambacho hakihitaji maabara. Ninachotaka kidaiwe ni hiki: hakuna stereo ya mtumba kuuzwa ikiwa haijachomekwa mbele ya mnunuzi, na volti zake ziandikwe kwenye risiti. TV za chogo na deki zilizokufa zizuiwe, nakuunga mkono kwa mikono miwili. Naomba wauzaji waje hapa watuambie: kontena likifunguliwa, vilivyokufa mnavipeleka wapi?

Muuzaji, Makoroboi

Nimesoma yote, nijibu kwa upande wangu.

Mteja akitaka nichomeke, nachomeka, na kuandika volti kwenye risiti hakunigharimu kitu. Tatizo liko nyuma yangu. Mzigo nachukua Dar es Salaam kwa aliyeuleta, kwa jumla, umeshafungwa. Silipii nilichokijaribu. Mkiniwekea sheria mimi wa mwisho peke yangu, vilivyokufa vitakuwa hasara yangu na yule wa juu hataguswa. Kipimo kianzie kwake.

Vilivyokufa nawauzia mafundi, wanachukua transfoma, relei, vitufe, hitsinki (vyuma vya kupoza). Shaba na alumini wanakuja wa chuma chakavu. Bodi zenyewe sijapata mtu wa kuzichukua. Sizichomi na sizipeleki dampo, ninazo kwenye viroba stoo na stoo inajaa. Mkazi wa Mkuyuni, kama unamjua anayezipokea kihalali hapa Mwanza au hata Dar, niandikie, nauli ya mzigo nitalipa mimi.