Ndege mla kaa kaonekana Mlingotini na kusi bado inavuma. Kawahi, au hakuondoka?

Mama Mwani
Habari za jioni wote. Naomba msaada kwa wanaojua ndege wa pwani.

Nalima mwani hapa Mlingotini, Bagamoyo. Bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida) la mwisho wa Julai nilikuwa nafunga mbegu kwenye kamba, maji yamekupwa hasa, nikamwona ndege mmoja peke yake pembeni ya shamba. Mwili mweupe, mgongoni weusi uliofifia, miguu mirefu ya kijivu. Mdomo mweusi, mnene, umenyooka, si kama wa sululu uliopinda. Anakimbia hatua tatu nne, anasimama kimya, halafu anachoma mchanga ghafla. Akatoa kaa. Akamtikisa mpaka gando likang'oka, akammeza mzima. Niliacha kamba nikabaki naangalia mpaka maji yakanifika magotini.

Kwa sura nawajua, huja kwa makundi, lakini mimi huwaona kuanzia mwezi wa tisa. Julai sijawahi. Nataka kujua jina lake na kama kawahi kuja. Lakini linaloniumiza kichwa ni hili: mwanangu anataka kutuma picha na mahali penyewe kwenye makundi ya WhatsApp ya waongoza watalii. Nasita. Vijana wana manati, na kuna jarife, wavu mkubwa wa samaki, linategwa karibu na fungu la mchanga wanapopumzika ndege maji yakijaa. Nikinyamaza naona nimeficha kitu kizuri. Nikitangaza halafu nikasikia kauawa, sitajisamehe. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Kipwa
Mama, kwa mdomo huo na hao kaa, huyo ni ndege mla kaa, jina la kitaalamu Dromas ardeola. Katika familia yake yuko peke yake, hakuna aina nyingine. Kwetu hazai. Huzaa kuanzia Aprili hivi katika pwani za Oman, Iran, Ghuba na Bahari ya Shamu hadi Somalia. Huchimba shimo mchangani, hutaga yai moja jeupe humo, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia.

Sasa wako yuko peke yake, mgongo umefifia, tena Julai. Nadhani hakuondoka. Wachanga wengi wa ndege hawa wa pwani hawarudi kaskazini mwaka wa kwanza kwa sababu hawajafikia kuzaa. Vitwitwi na sululu ni hivyo hivyo, ndiyo maana hata mwezi wa sita hukosi wachache kwenye matope.

Nahodha wa Tanga
Mwanangu Kipwa, usikate shauri kwa ndege mmoja. Mimi Agosti ikianza tu nimewaona huku Tanga wakipita. Mama, subiri bamvua lijalo uangalie kama kuna mkubwa mwenye mtoto. Hawa husafiri na mtoto wao. Anakuwa wa kijivu, anaruka vizuri kabisa, lakini bado anamfuata mzazi akimlilia kwa mluzi, na mzazi anamlisha. Ukimwona huyo, ujue wamefika. Wa mwaka jana hawezi kuwa analishwa mpaka leo.

Mtembeza Wageni
Mimi nasema tangaza. Watu wakiona wageni wanakuja kwa ajili ya ndege, hata wenye manati watamlinda.

Binti Pangani
Kaka, si kwa haraka hiyo. Kweli hapa hana kiota cha kuharibiwa, ila akifurushwa pale fungu kila maji yanapojaa, hapumziki, na huyu anakula hata usiku kwa kufuata maji. Mama, kwanza zungumza na mwenye jarife. Ndege kuliko picha. Halafu andika tarehe, saa, hali ya maji na idadi, uingize kwenye eBird, tovuti ya kuandikia ndege walioonekana, kwa jina la kijiji tu, fungu usilitaje. Wape taarifa Nature Tanzania pia, shirika la uhifadhi. Wenye manati waambie wazi kwamba kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Mama Mwani
MREJESHO. Leo nimekwenda na mwanangu, na darubini ya kuazima. Saa nne na nusu maji yalikuwa yamekupwa. Tumehesabu tisa. Wanane pamoja, wa tisa kando, na huyo wa kando ni yule yule mwenye mgongo uliofifia. Katika wale wanane mmoja ni wa kijivu, kajikunyata nyuma ya mkubwa, mluzi haukomi. Mkubwa akaja na kaa mdomoni, mtoto akampokonya. Machozi yamenitoka. Kipwa, Nahodha, wote mmesema kweli.

Mwenye jarife kakubali kulihamishia upande wa mkondo mpaka bamvua hili lipite. Baada ya hapo tutaongea tena, hajaniahidi zaidi. Mwanangu kaelewa, WhatsApp hajatuma kitu.

Kuna jingine: mmoja ana pete ya chuma mguuni, zile za watafiti wa ndege. Tumeshindwa kusoma namba, na sitaki kumsogelea. Nani kashawahi kupiga picha kwa simu kupitia darubini? Unaishikaje isitikisike? Kesho maji yanakupwa saa tano na dakika kumi.