Uliwahi kuanguka ukiwa mjamzito? Tupeane uzoefu

Mama Wawili (mleta uzi): Jana nimeshuka ngazi tatu kwa makalio. Wiki ya 29, beseni la nguo mkononi, miguu siioni, nikajua ngazi zimeisha kumbe bado. Mtoto anacheza, ila mimi natetemeka mpaka sasa. Nani mwingine yamemkuta?

Kidoti: Mimi hapa. Mara mbili, mimba moja.

Usiku_Mrefu: Umenikumbusha mbali. Wiki ya 34, saa tisa usiku, nimeinuka ghafla kwenda chooni (kibofu cha miezi ile mnakijua). Kizunguzungu kikanikamata mlangoni, nikadaka taulo, nikaja chini nalo, tumbo likatangulia. Nikajikagua: damu hakuna, maumivu hakuna. Baba watoto akasema twende hospitali, nikamwambia niache nilale. Asubuhi tumbo gumu kama ubao, halilegei, na mtoto kimya. Nikanywa maji ya baridi, nikalalia ubavu wa kushoto. Kimya. Damu ilianza tukiwa njiani. Kondo lilikuwa limeanza kubanduka, nikapasuliwa muda uleule. Ana miaka sita sasa, msumbufu balaa.

Kidoti: Mwili umenisisimka.

Mzee wa Busara: Mnajilegeza sana siku hizi. Mama zetu walifanya kazi hadi siku ya uchungu na hawakuanguka.

Tumbo Mbele: Walianguka, hukuambiwa wewe. Na kulegea tunalegea kweli: kuna homoni inaitwa relaksini, inalegeza viungo, huku uzito wote umehamia mbele. Jifunge gunia tumboni ushuke ngazi, tuone.

Mzee wa Busara: Nimetoa maoni tu.

Kidoti: Gunia kwanza, maoni baadaye 😂

Dada Mkuu: Zitupeni ndala. Kiatu cha chini chenye mkanda nyuma.

Peku: Mimi natembea peku, sijawahi kuanguka.

Dada Mkuu: Peku kwenye vigae vyenye maji? Haya.

O Hasi: Mleta uzi, kundi lako la damu ni lipi? Kama ni hasi kama mimi, waambie mapema. Nilipoanguka nilichomwa anti-D (sindano ya sisi wenye damu hasi, inazuia mwili wa mama kushambulia damu ya mtoto), wanataka iwe ndani ya saa 72. Mtoto kucheza kusikudanganye, nenda wakamsikilize.

Usiku_Mrefu: Nenda leo. Usilale kwanza kama mimi.

Mama Wawili: Niko kwenye foleni hapa. Nguo ameanika mume wangu, zote kichwa chini miguu juu.